Kidomo na Fundo la Kwanza

Niwape ngano?

Tupe tuipokee.

Na ikiwa chungu?

Tutaitafuna hivyo hivyo.

Hapo kale, tena kale sana, palikuwa na kijana wa ndege mnana, jina lake Kidomo. Mnajua desturi ya minana: dume husuka kiota kwa nyasi mbichi, nchani mwa tawi jembamba, kisha jike huja kukivuta. Huvuta mara tatu. Kikishika, anaingia. Kikiachia, anakwenda zake, wala haagi.

Kidomo alimtaka jike mmoja, Zawena, na nyasi mbichi hazikawii kukauka.

Chini ya mti wao alizoea kuketi Tumbili, mpenda mayai. Matawi membamba hayakuubeba mwili wake, kwa hiyo viota imara vilimlaza njaa; vilivyolegea ndivyo vilivyomwangushia mayai. Siku hiyo akaleta matunda ya mng'ongo yaliyochacha hata yakawa ya kulevya. "Onja, mdogo wangu," akasema. "Mafundi wote wa bonde la pili hawasuki bila matunda haya."

Kidomo akala moja. Akasuka akiimba, akakiona kiota chake kizuri kuliko vyote duniani. Zawena akavuta mara moja tu, kikaanguka. Kidomo akasema ni upepo. Upepo wenyewe haukuwapo.

Akala mawili, akasuka tena. Kikaanguka. Akasema ni nyasi za mwaka huu. Kaka yake akamwambia aache. Akajibu kwamba ataacha siku yoyote aitakayo, ila leo si siku yenyewe.

Mara ya tatu hakula kwa raha. Alikula kwa sababu asubuhi mdomo ulitetemeka, na bila tunda hakuweza kufunga hata fundo la kwanza. Kiota kikaanguka miguuni pa Tumbili, naye akakipekua, akakuta hakina yai, akakitupa.

"Usijali," akasema. "Suka kingine. Shemeji akishataga, nitakuja kuwaamkia."

Hapo Kidomo akaelewa alikuwa akisukia tumbo la nani. Kuelewa hakukumzuia, kesho yake akala tena. Ila jioni alimwendea kaka yake. "Kaka, nilidanganya. Siwezi kuacha peke yangu."

Kaka hakumhutubia. Aliketi kushoto kwake, mdogo wao akaketi kulia. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, Kidomo akitapika na kuwatukana, nao wakimlisha mbegu. Alipopata nafuu, nyasi zilikuwa zimekauka. Msimu ukampita.

Mvua zikarudi. Mdomo ulitetemeka bado, kidogo. Fundo la kwanza alilifunga mara saba. Tumbili akapita na matunda. "Leo sili," Kidomo akasema. Habari ya kesho hakuigusa.

Zawena akaja. Akavuta. Akavuta tena. Mara ya tatu akaning'inia kwa uzito wake wote. Kiota kikayumba, kikashika.

"Hiki amekisuka nani?"

"Mimi."

"Na vile vitatu vilivyoanguka?"

"Ni mimi pia."

"Mwaka jana ulisema ni upepo," Zawena akasema, akaingia.

Basi, vijana wangu, anayewapa cha kuwalevya, mwulizeni yeye anakula nini. Na aliyekwisha kunaswa asijigambe kwamba ataacha siku yoyote. Aseme hawezi, aseme kwa sauti, kwa mtu atakayeketi naye.

Ngano yangu imeingia kiotani. Mwenye sikio ailalie, mwenye mdomo amsukie mwenziwe.