Wimbo wa Mgeni kwenye Koto

Mwanamke mmoja wa Ujapani alikuwa na koto, na alikuwa na jina. Koto ni ala ya mbao, ndefu kumpita mtu, hulazwa chini mpigaji akapiga magoti mbele yake. Ina nyuzi kumi na tatu, na kila uzi umeinuliwa na kijiti chenye miguu miwili, ambacho mpigaji hukisogeza huku na huku kutafuta sauti. Koto aliirithi kwa mama yake. Jina alipewa na chuo, maana kwao mpigaji akiiva, mkuu wa chuo humpa jina jipya, likaandikwa kwenye kibao na kutundikwa ukutani. Asiye na jina hafundishi mtu, wala hapigi nyimbo za chuo mbele ya watu. Fumie, maana ndivyo alivyoitwa nyumbani, alilisubiri jina hilo miaka kumi na tisa.

Sasa sikilizeni kosa lake. Nyumbani kwa jirani kulikuwa na piano, na mchana mmoja akianika nguo alisikia wimbo wa Wazungu, wa zamani, wa polepole, ukamshika moyo. Aliingia ndani akaanza kuvisogeza vijiti. Ilimchukua miezi mitatu. Pale wimbo ulipotaka sauti ambayo nyuzi hazina, aliukandamiza uzi kwa mkono wa kushoto, vilevile alivyofundishwa na mama yake, na sauti ikapanda. Hakuvunja kitu, hakuongeza kitu. Kwenye mkutano wa mwaka wa chuo akaupiga mbele ya wote kwa moyo mweupe, akidhani amewaletea zawadi.

Mkuu wa chuo, Mzee Tokumaru, hakungoja hata umalizike. Alisema, "Umeitupa koto. Umemvua mama yako nguo zake ukamvika za kuazima." Kibao kilishushwa alasiri ileile. Wanafunzi wake wanane akakabidhiwa Chiyono, mpigaji aliyeingia chuoni nyuma yake, na Chiyono akawapokea. Fumie akaenda kukata tofu, ile jibini ya soya, kwenye duka la shemeji yake, mikono ndani ya maji ya baridi tangu alfajiri. Msidhani alitulia. Alikasirika kila siku kwa miaka sita, na mimi simlaumu hata kidogo.

Mwaka wa saba wakaja wageni kutoka Ulaya, watu wazito, wenye uwezo wa kukialika chuo kizima ng'ambo. Wakauliza: tumesikia hapa yupo mwanamke anayepiga nyimbo zetu kwenye koto, yuko wapi? Basi wale wale! Wale wale walioziba masikio wakaikumbuka njia ya dukani. Chiyono alitumwa, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu yenye maji. "Dada, Mkuu wetu amekusamehe. Upige ule wimbo tu, na siku hiyohiyo utarudishiwa jina na wanafunzi wako."

Amesamehe! Fumie alikiweka kisu chini kwanza, kwa kuwa hakuuamini mkono wake. Lakini jina alilitaka, tena alilitaka sana. Akakubali kwenda.

Ukumbi ulijaa. Wageni waliketi mbele, na Mzee Tokumaru katikati yao, akitabasamu. Fumie alipiga magoti, akaanza kuvipanga vijiti kimoja kimoja bila haraka, na mwenye kuijua koto angeweza kuona mapema kilichokuwa kinakuja. Hakupiga wimbo wa Wazungu. Alipiga wimbo wa chuo, ule wa kale kuliko zote, ambao Mzee Tokumaru alifundishwa na baba yake hata kabla ya kujua kusoma, na ambao mtu asiye na jina amekatazwa kuupiga mbele ya watu.

Wageni wakatazamana. Mzee Tokumaru akakunja uso. Chiyono akatambaa kwa magoti mpaka nyuma ya mpigaji, akamnong'oneza kwamba si huo, dada, si huo walioutaka. Fumie hakugeuka. Aliupiga mpaka mwisho, kisha akamtazama mkuu wake usoni.

"Kwa wimbo wa mgeni mlinifukuza," alisema. "Leo nifukuzeni kwa wimbo wenu."

Wakamfukuza. Jina hakulipata tena, na kesho yake alikuwa dukani akikata tofu, angali na hasira.

Nanyi mnaoketi mbele hapa, mnaopenda sana kuwatazama watu kama mnakagua nguo walizovaa, nijibuni: siku ile mkuu alipokunja uso kwa kusikia wimbo wa baba yake mwenyewe, ni nani katika ukumbi ule aliyekuwa ameitupa koto?