Kwa Nini Ngiri Huingia Shimoni Kinyumenyume

Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana habari hii sipendi ikatizwe. Nimeisimulia mara nyingi na bado hasira hunipanda kila nikifika katikati.

Kulikuwa na enzi ambapo shimo lilikuwa la aliyelichimba. Katika mbuga ya enzi hizo mchimbaji alikuwa Muhanga, yule mwenye masikio marefu na kucha nene kama majembe. Alichimba mchana kweupe, watu wote wakimwona. Mnyama aliyetaka pa kulala alikwenda kwake, akapiga hodi, akaonyeshwa shimo, na masika yalipobomoa kuta alitoka kusaidia kuzoa udongo. Hakuna aliyeyaandika hayo, yalijulikana tu. Muhanga mwenyewe alikaa na mkewe, Mama Tifu, na mtoto wao mmoja katika shimo la vyumba saba, kavu hata mvua ya mawe ikinyesha. Alilichimba kwa masika matatu, na hakuna kitu duniani alichokipenda kuliko shimo hilo.

Mtawala wa mbuga alikuwa Simba, naye mashimo hakuyajali kwa kuwa alilala juani. Siku moja Simba akawafuata nyumbu ng'ambo ya mto na hakurudi. Wanyama wakafurahi, wakacheza ngoma hadi vumbi likafunika jua. Furaha ilipopoa wakasema sasa tu huru, tunahitaji Katiba, ili asitokee Simba mwingine akatupanda kichwani.

Wakateuliwa wanne wa kuiandika. Mwenyekiti akawa Ngiri, kwa sababu alikuwa na sauti nzito na mkia ulionyooka. Pamoja naye wakaketi Fisi, Nungunungu na Kicheche, na Kicheche ndiye aliyekuwa karani. Wakamwomba Muhanga awachimbie ukumbi chini ya kichuguu kikubwa, naye akachimba siku tisa bila kinyongo. Alijiona mwenye bahati kuchangia jambo kubwa kama lile. Mama Tifu alipomletea maji siku ya tisa alisimama mlangoni, akawatazama wale wanne kwa muda.

"Baba Tifu, umewaangalia hawa wakubwa?" akamnong'oneza. "Hakuna hata mmoja mwenye ukucha uliochakaa. Na wote wanalala kwenye mashimo yako."

"Si ndiyo vizuri?" Muhanga akacheka. "Wanaijua kazi yangu."

Siku ya kusomewa Katiba mbuga nzima ilialikwa, na Muhanga akapewa nafasi ya mbele kabisa. Kicheche akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa madaha: "Sisi wanyama wote wa mbuga hii, wakubwa kwa wadogo, kwa kumheshimu ndugu yetu Muhanga, ambaye kwa jasho lake sote tunapata pa kulaza ubavu..." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Muhanga akalia hadharani. Hajawahi kusikia jina lake likitamkwa na karani, na sasa liko ndani ya Katiba, mstari wa pili. Akapiga makofi mpaka kucha zikamuuma.

Alipoinua uso kufuta machozi akaona ufa darini. Ulikuwa mwembamba, ukitoka juu ya kiti cha Twiga mpaka mlangoni, na udongo ulianza kudondoka chembe kwa chembe. Mwingine angeuona akaendelea kusikiliza. Lakini mchimbaji ana ugonjwa wake, na akiona udongo unadondoka haoni tena kitu kingine. Mama Tifu akamshika mkono.

"Kaa mpaka wamalize. Udongo huo hautakimbia."

"Utawaangukia watu, Mama Tifu. Watasema nini juu yangu?"

Akatoka. Mama Tifu naye akatoka na mtoto kwenda kumsaidia kuzoa, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kufanya kazi. Wakawa nje wakishindilia udongo juu ya dari, na chini yao Kicheche akaisoma ibara ya kwanza: jua likitua, shimo ni la yule aliyemo. Akaisoma ya pili: asiye na shimo hana kura ya kubadili Katiba. Pundamilia na Twiga, ambao tangu wazaliwe hawajawahi kulala shimoni, hawakuona ubaya wowote. Wakasema ndiyo. Na wale wanne walisema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote, na kama hamjaelewa kwa nini, basi mna mioyo mizuri kuliko mimi.

Mke wa Ngiri hakuja ukumbini siku hiyo. Ilisemwa watoto wana homa. Muhanga alipomaliza kuziba ule ufa, amechoka, udongo mpaka ndani ya masikio, jua lilikuwa limezama. Wakaenda nyumbani wao watatu. Kutoka katika chumba chao cha mbele wakasikia kelele za watoto wengi wenye afya.

"Hodi humu," akasema Mama Tifu, kwenye mlango wake mwenyewe.

"Karibuni, shemeji," mke wa Ngiri akajibu kutoka ndani. "Ila leo tumebanana kidogo. Jaribuni kesho."

Muhanga akarudi ukumbini mbio. Alimkuta Ngiri akiagana na wageni.

"Mwenyekiti, mkeo yumo nyumbani kwangu."

"Si nyumbani kwako tena, kaka," Ngiri akasema kwa upole, na upole ule ulimchoma Muhanga kuliko tusi. "Katiba imepita. Wewe mwenyewe ulipiga makofi, sote tulikuona."

"Nilipigia ukurasa wa kwanza! Hayo mengine mliyasoma nikiwa nje, nawazibia dari isiwaue!"

"Tunashukuru. Ndiyo maana tumekutaja."

"Basi naomba ibadilishwe. Iitwe kura."

Ngiri akamgeukia Kicheche. Kicheche akafunua kurasa bila haraka, kama mtu asiyejua kilichoandikwa humo, akauliza, "Ndugu Muhanga, kwa sasa unalo shimo?"

Muhanga akageuka kumtazama mkewe. Mama Tifu alikuwa amesimama nyuma yake, mtoto amelala mgongoni. Hakumlaumu mumewe wala hakulia. Aliwatazama wale wanne mmoja mmoja, kisha akasema, "Twende, Baba Tifu. Chimba."

Wakaenda mbali, akachimba. Lakini chakula cha Muhanga ni mchwa, na mchwa inabidi awafuate waliko, tena mbali. Ngiri anakula nyasi mlangoni pake. Kila Muhanga alipotoka na familia yake kutafuta chakula, alirudi akakuta Nungunungu amejaa tele, au Fisi, au chatu asiyejibu hata hodi. Na kila mara aliulizwa swali lile lile la Kicheche.

Na tangu siku hiyo Muhanga hachimbi mchana, kwa kuwa hataki kuonekana akianza nyumba asiyojua atailalia siku ngapi. Huchimba shimo usiku, akalala humo siku mbili tatu, akaliacha, akaenda kuchimba jingine. Mbuga nzima inalala katika kazi ya mikono yake, na jina lake bado limo katika Katiba, mstari wa pili.

Ngiri naye mtazameni jioni, jua likikaribia kuzama. Watoto huwatanguliza, yeye hufuata kinyumenyume, makalio mbele, pembe zimeelekea mlangoni, macho yametoka. Mnaweza kudhani anamwogopa Simba. Simba hakurudi. Ngiri anaiogopa ile Katiba, kwa kuwa aliiandika mwenyewe na anaijua: jua likitua akiwa nje, haitamuuliza yeye ni nani.