Mbwa Aliyegoma Kuingia Ndani

Ndugu zangu, leo nataka niwaambie habari za mbwa. Najua wengine mnajiuliza, mbwa anatafuta nini kwenye mahubiri? Nivumilieni kidogo.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, jina lake Nderingo, aliyeishi na mkewe, Mama Anaeli. Watoto walikwisha kuanza maisha yao mbali, wakabaki wao wawili na mbwa jike waliyemwita Tausi. Alilala ndani, na kwa miaka yote hakuwahi kuchafua nyumba.

Kisha akaanza kukojoa sakafuni. Nderingo akamgombeza. Mama Anaeli alipoona mkojo una damu, wakampeleka kwa daktari wa mifugo, wakapewa vidonge, mbwa akapona. Baada ya muda tatizo likarudi. Vidonge tena, akapona tena, likarudi tena. Siku Tausi alipokojolea gauni la harusi la mteja, Nderingo alivua mkanda akampiga, akamfukuza nje.

"Baba Anaeli, huyu anaumwa," mkewe akamwambia.

"Kaumwa, katibiwa. Sasa hii ni tabia. Kesho nampeleka achomwe sindano ya kumaliza kazi."

Mkewe hakubishana, ila kesho yake alifuatana naye. Walipofika akamwomba daktari, "Kabla hujamchoma, hebu mwangalie tumboni."

Daktari akampima kwa ultrasaundi, akaitazama picha ya tumbo.

"Mzee, kuna jiwe kwenye kibofu," akasema. "Vidonge vilikuwa vinamtuliza tu, vijidudu vinabaki vimejificha kwenye jiwe. Hata mimi nilipaswa kulitafuta mapema. Huyu hakuwa na uwezo wa kujizuia."

"Alikuwa anasikia maumivu?"

"Kila alipokojoa."

"Hata siku ile niliyompiga?"

Daktari akamgeukia Tausi, akaanza kumwandaa kwa upasuaji.

Basi Tausi akapasuliwa, jiwe likatolewa, akapona kabisa. Siku ya kumrudisha nyumbani, Mama Anaeli alifungua mlango wote, akamtandikia blanketi. Tausi akafika kizingitini, akasimama. Wakamwita. Akatikisa mkia, lakini hakuingia. Akageuka, akalala pale nje kwenye udongo. Ugonjwa ulikuwa umekwisha; mkanda alikuwa bado anaukumbuka.

Nderingo alisimama mlangoni akimwita mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akatoka, mzee mzima, akakaa chini kwenye udongo kando ya mbwa wake, akaweka mkono mgongoni mwake, akalia.

Ndugu zangu, sisi tunao wenzetu wanaoanguka, wanatubu, wanaanguka tena. Tumesema nini juu yao? Tumesema ni tabia. Nani kati yetu aliwahi kuwauliza wanaumwa wapi?

Lakini si hao tu ninaowawaza asubuhi hii. Nawawaza waliokwisha kupona. Yule kijana aliacha pombe siku nyingi. Yule binti aliyezaa kabla ya ndoa analea mtoto wake vizuri. Mbona hawamo humu? Ni kwa sababu wanakumbuka tulivyowatoa. Na sisi tunawaita kwa kipaza sauti: karibuni, mlango uko wazi.

Mlango ulikuwa wazi kwa Tausi pia.

Ibada ikiisha, usiende moja kwa moja nyumbani kula. Kuna mtu ambaye jina lake limekujia moyoni ninapozungumza. Mfuate huko aliko. Usimwite. Kaa naye chini.