Neno Ambalo Mzee Filemoni Hakulisema

Husimuliwa katika usharika mmoja wa milimani Upare kwamba palikuwa na mja wa Mungu aitwaye Filemoni Mrutu, mzee wa kanisa, mtu wa sala na wa maneno machache, aliyeitunza nyumba ya Bwana kuliko alivyoitunza nyumba yake mwenyewe. Mja huyo alikuwa babu yangu, baba mzazi wa mama. Wapo wanaokisimulia kisa chake wakakipamba na kukimalizia kwa furaha. Mimi sitakipamba, maana niliyaona mwenyewe, na furaha sikuiona.

Babu alibatizwa akiwa kijana. Mawe ya msingi wa kanisa letu aliyapandisha kutoka mtoni kwa kichwa chake, na watoto wa kijiji kizima aliwafundisha katekisimo, akiwemo Mndeme, ambaye baadaye alikuja kuwa mchungaji wetu. Chakula cha Bwana alikiheshimu mno. Siku iliyotangulia alifunga, akapita kwa majirani kuomba radhi, mmoja baada ya mwingine. Bibi Namkunda, mkewe, alikuwa akimtania kwamba hata mbuzi aliyempiga teke angemwendea kumwomba msamaha.

Lakini kaka yake, Kajiru, hakubatizwa. Yeye alikuwa mlinzi wa mwisho wa mafuvu ya mababu wa ukoo, yaliyohifadhiwa katika pango chini ya jabali. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli alikwenda huko na kibuyu cha pombe ya miwa, akaimimina chini na kuwataja wazee kwa majina. Ndugu hao wawili hawakupata kukubaliana juu ya jambo hilo, wala hawakupata kugombana. Kisha Kajiru akapofuka. Wanawe walikuwa wamekwenda Tanga kukata mkonge na hawakurudi. Mvua zilipokaribia, akasema atakwenda pangoni peke yake kwa kupapasa. Njia ile hupita ukingoni mwa korongo, na hata mwenye macho mazima huipita kwa kushika majani.

Babu akaenda kumshika mkono. Akamwongoza hadi mlangoni mwa pango, akamwachia, akageuka akatazama bonde na kusali sala yake ya kila siku hadi kaka yake alipotoka. Wakati wa kurudi Kajiru alikuwa na fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili umeshikwa na mdogo wake. Basi kibuyu akakibeba babu. Hapo ndipo walipokutana na wanawake wa usharika wakitoka kuokota kuni.

Kwetu mtu aliyebeba kibuyu cha tambiko ametambika. Hakuna anayeuliza zaidi. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika kwa mchungaji, na Jumapili iliyofuata babu aliitwa mbele ya baraza la wazee, wenzake aliokaa nao benchi moja. Alieleza kila kitu kama kilivyokuwa. Nao, kwa haki, walimsadiki.

"Hatusemi umeabudu mafuvu, Mwalimu," Mchungaji Mndeme alimwambia, kwa maana hata baada ya kuvaa joho hakuacha kumwita hivyo. "Lakini umelikwaza kundi. Utaratibu unaujua kuliko mimi. Nitakuuliza, 'Je, unajuta?' Utajibu, 'Najuta.' Jumapili ijayo utakuwa mezani pamoja nasi."

"Kuwakwaza ndugu, najuta," babu alijibu. "Kumshika mkono kaka yangu, sijuti."

"Swali ni moja, Mwalimu. Jibu lake ni moja."

"Basi, mchungaji, siwezi kulijibu. Nikisema najuta, nitakuwa nimemdanganya Mungu ili nile chakula chake."

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Siku hiyo palikuwa na wengi, wote wacha Mungu, na neno likaharibika. Babu akatengwa.

Ambaye hajapata kutengwa katika usharika wa milimani hajui ni adhabu gani. Babu alihamishiwa benchi la mlangoni, pamoja na walioongeza mke wa pili na vijana waliowapa mimba wasichana. Wenzake hao walikuja na kuondoka. Kila mmoja alisimama siku yake, akasema najuta, kwaya ikaimba, akasogea mbele. Wengine walirudi tena mlangoni kwa kosa lilelile. Babu alibaki pale. Ulipofika wakati wa Chakula cha Bwana, waliotengwa walitakiwa kutoka nje. Alitoka, akasimama kwenye ukungu, kofia mkononi, akiwasikia wenzake wakienda altareni na kurudi. Nilikuwa nikitoka nje baada ya kula mezani, namkuta bado amesimama hivyo.

Kajiru alipofariki, watu wakasema sasa mambo ni mepesi, aliyekuwa akitetewa hayupo tena. Bibi akamwomba kwa machozi.

"Baba Yoeli, sema tu. Kaka yako hatasikia."

"Ndiyo maana siwezi, Mama Yoeli. Angekuwa hai, angejitetea. Sasa nimkane na hawezi hata kuniuliza?"

Msidhani alikuwa na amani moyoni. Vitabu vya waja wema hutuambia kwamba mwenye haki akionewa, Mungu humtia nguvu, na uso wake hung'aa. Uso wa babu haukung'aa. Alikonda, akawa mzito wa kuinuka asubuhi. Jioni moja tukimenya maharage alimwambia bibi, nami nikiwa papo hapo, kwamba anasali na hasikii chochote, kwamba huenda wazee ndio wenye haki na Mungu amekwisha kumwacha. "Lakini hata kama ameniacha," alisema, "sitamrudia kwa uongo." Bibi alinyanyuka akaingia ndani kulia. Subira yavuta heri, tunaambiwa. Babu alisubiri miaka, na heri yake sikuiona ikivutwa.

Mwisho akashikwa na kichomi, wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Mchungaji Mndeme alikuja mchana, amebeba mkate na divai katika mkoba mdogo. Alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa akilia tangu mlangoni.

"Mwalimu, nakuomba. Nisaidie nikusaidie. Je, unajuta?"

Sauti ya babu ilikuwa imekwisha. Midomo ilitikisika kidogo. Bibi akainama, akaweka sikio karibu na kinywa chake, akakaa hivyo muda. Kisha akainua kichwa.

"Amesema anajuta, mchungaji."

Mchungaji alisema, "Bwana asifiwe," mara mbili. Akaumega mkate, akausogeza. Babu alikuwa ameutamani mkate ule miaka yote ile, na sasa ulikuwa unagusa midomo yake. Akaifumba. Akatikisa kichwa. Akakusanya pumzi kutoka sijui wapi, akasema, nasi sote tukamsikia:

"Sikusema."

Mchungaji alimtazama bibi, kisha akaurudisha mkate katika kisanduku chake. Babu alifariki saa hiyohiyo.

Kengele haikupigwa. Tulimzika wenyewe, sisi na majirani wasio wa kanisa, bila wimbo, kwa sababu aliyekufa ametengwa haimbiwi. Mchungaji Mndeme alisimama mbali barabarani, amevaa nguo za kawaida, maana utaratibu ulimkataza kukaribia kama mchungaji, naye hakuthubutu kukaribia kama mwanafunzi.

Baada ya matanga bibi alikwenda mwenyewe mbele ya baraza. Akasema alimsingizia mumewe neno katika saa ya kufa, tena mbele ya mwili wa Bwana. Wazee wakashtuka, kosa lile lilikuwa kubwa kuliko la kibuyu. Wakamuuliza, "Je, unajuta?" Akajibu, "Najuta." Jumapili iliyofuata kwaya ilimwimbia, akashikwa mikono, akapelekwa mbele, akala na kunywa.

Nilimkuta nyumbani amekaa jikoni, moto umezimika, bado amevaa nguo za kanisani.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "mimi nimedanganya, wamenilisha. Babu yako alikataa kudanganya, amekwenda na njaa."

Mungu anajua alikompokea, mimi sikuonyeshwa. Lakini siku hizi nafundisha kipaimara katika kanisa lilelile, na kila mwaka, kabla watoto hawajasimama altareni kuulizwa kama wanaamini, huwaambia: wanangu, msiseme ndiyo kwa sababu tu ndilo jibu linalosubiriwa. Wazazi hunilalamikia kwamba nawatia watoto hofu. Ni kweli, nawatia.