Tone Moja la Sukari kwa Watatu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni wiki jana, msichana Mize alikanyaga mwiba, akauchomoa, akaendelea kuruka kamba. Vijidudu vilivyoingia na mwiba vilifurahia sana ukarimu huo, vikaanza kuzaana unyayoni mwake.

Aliyevigundua ni askari mmoja wa damu, chembe nyeupe, ndogo hata jicho haliioni. Peke yake asingeviweza. Ilibidi atoe nje protini za kuwaita wenzake, upesi, la sivyo Mize angepoteza mguu. Kwa bahati, wanangu, ndani ya chembe hiyo walikaa wafanyakazi watatu hodari, hasa wa kujisifu.

Mfungashaji alizitia protini kwenye vifuko. Akafunga kifuko, akakikagua, akakifungua, akakifunga tena. "Mimi sifungi ovyo ovyo," alisema, huku unyayo ukizidi kuvimba.

Mchukuzi akakibeba kifuko, akatembea juu ya reli nyembamba zinazotoka katikati ya chembe hadi ukutani. Hakuteleza hata kidogo. Ila alipanda reli ya kwanza aliyoiona, akafika kwa madaha upande usio na kijidudu hata kimoja. Yeye hutembea kwenda tu, kurudi hajui. Wachukuzi wengine, wa njia ya kurudi, wakambeba na mzigo wake hadi katikati, akaanza upya.

Safari hii alifika upande wenye vijidudu, akamkuta Bawabu, mlinzi wa wavu mnene uliotandwa nyuma ya ukuta.

"Hodi, kaka! Fungua!"

"Kifuko hiki kimetoka wapi?"

"Humu humu ndani! Kwani mimi naishi wapi?"

"Basi subiri. Wavu huu haufunguliwi kwa kelele."

Bawabu alipojisikia, aliulegeza wavu, akakisukuma kifuko kwa nguvu zake zote hadi kikafungukia nje. Vingine vikafuata. Askari wakaja kwa maelfu. Mize akashikwa na homa kali, kisha mguu ukapona.

Mama yake, aliyekuwa akimkanda kwa maji ya chumvi, alijua fika nani kamponya mwanawe: yeye. Akampa kashata. Sukari yake ikasafiri mwilini, na tone moja likaifikia ile chembe iliyochoka. Tone la kumshibisha mfanyakazi mmoja tu.

"Ni langu," alisema Mfungashaji. "Bila mimi protini zingezagaa humu humu."

"Na vifuko vyako vingeota ukungu!" alidakia Mchukuzi. "Nani kavitembeza? Tena mara mbili!"

"Mara mbili kwa kuwa hukuuliza njia, bwana," alisema Bawabu. "Nyinyi mlivileta mlangoni. Aliyevitoa ni mimi."

"Mlango ulioung'ang'ania mwenyewe!" alijibu Mchukuzi.

Haya, wanangu. Msiniambie wagawane, tone lenyewe haligawanyiki. Bila yeyote kati yao, Mize angekatwa mguu. Na kwa uzembe wa kila mmoja wao, nusura akatwe. Je, mngekuwa nyinyi, mngemlisha nani?