Nani Afunge Mzigo wa Apendeki?

Sogeeni hapa jamvini. Na wewe unayemenya muhogo endelea tu kumenya, masikio hayatumii kisu. Nataka kuwapa kesi. Mimi imenishinda, na shule yangu iliishia kidato cha pili mama alipougua, kwa hiyo huenda ninyi mnaosoma bado mkaona nisichokiona.

Miaka ile, hapahapa Gungu, kwenye nyumba yenye bati jekundu ambayo sasa wanakaa watu wengine, kulikuwa na watu watatu na kila mmoja na kipawa chake. Koko Nyassa alikuwa na mikono. Binti yake, Mama Apendeki, alikuwa na subira. Na jirani yao, Mzee Gwasa, alikuwa na mdomo. Huyo Mzee Gwasa ni babu yangu mimi, mnamjua, lakini leo sitampendelea.

Koko na binti yake walitoka Kongo, upande wa Fizi, wakati wa vita. Walivuka ziwa wakaja Kigoma na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto huyo ndiye Apendeki. Kwao bibi huitwa Koko, nasi watoto wa jirani tukamwita hivyohivyo. Kati ya nyumba yao na yetu palikuwa na ua wa mabua. Kuku waliutoboa, watoto tukaupanua, mwisho ukabaki jina tu. Asubuhi nilikula kwetu, mchana nilikula sombe, kisamvu chao, kwao, na jioni mama alikuja kunidai kama mtu anayedai sufuria yake.

Apendeki alikuwa mkubwa kwangu. Alitaka kitu kimoja tu: awe daktari wa kuzalisha.

Sasa sikilizeni alivyosaidiwa.

Koko alimpa mikono. Kule Fizi alikuwa mkunga, na ingawa hapa hakuna aliyemwita kazini, mikono yake haikusahau. Mchana, kazi zikipungua, alikuwa akiweka papai chini ya blanketi lililokunjwa na kumwambia Apendeki afumbe macho apapase.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kushoto, Koko."

"Kushoto kwa nani? Kwako ama kwa mama?"

"Kwa mama."

"Ehe. Ukikosea hapo, utamvuta mtoto wa watu kwa miguu."

Siku moja na mimi nikaomba kupapasa. Nikabonyeza, nikasema, "Koko, huyu mtoto ameiva." Koko alicheka mpaka akajishika mbavu, na papai tukalila. Kila walichogusa alikitaja kwa Kifaransa, na mwanafunzi wake akakitaja tena, hata Apendeki akakijua Kifaransa bila kukaa darasani kukisoma.

Mama Apendeki alimpa muda. Alikuwa akitengeneza mawese. Kuchemsha chikichi, kuzitwanga, kukamua, kuchemsha tena. Ni kazi ya watu wawili, na kwa desturi mtu wa pili ni binti. Lakini Apendeki aliposhika kitabu, mama yake alitwanga peke yake. Nakumbuka mlio wa mchi ule, na moshi ulioninata nguoni nikarudi nao nyumbani. Ningeusikia leo ningegeuka. Shangazi mmoja mpita njia aliwahi kusimama pale na kuuliza, "Msichana mzima yuko wapi, wewe unaumia hivi?"

"Yuko kazini," alisema Mama Apendeki.

"Kazini wapi? Si namwona pale, amekaa!"

"Basi umeshamwona. Usimsumbue."

Akaendelea kutwanga. Hakuwahi kumwita Apendeki kutoka kwenye kitabu, hata siku macho yake yalipokuwa mekundu kama mafuta yenyewe.

Mzee Gwasa alimpa mahali pa kusimama. Babu alikuwa mnadi wa mitumba, na sauti yake ilifika mtaa wa pili kabla yake. Apendeki alipomaliza darasa la saba, wazazi wengine walianza kunong'ona kwamba mtoto wa wageni asichukue nafasi ya watoto wa hapa. Mama yake aliogopa hata kukanyaga mkutano wa wazazi. Babu alivaa koti lake la mnadani akaenda yeye.

"Mnasema mgeni," aliwaambia. "Mgeni huja, akala, akaaga. Huyu ameota meno kwangu, ameyang'oa kwangu, ameota mengine kwangu, na bado hajaaga. Mgeni gani huyo? Nani anaongeza bei? Hakuna? Basi ameshakuwa wangu!"

Watu wakacheka, na waliokuwa wakinong'ona wakakosa pa kushikia. Tangu siku hiyo kila mkutano wa wazazi alikwenda yeye, akakaa mbele, akauliza maswali mpaka walimu wakamwomba apumzike. Apendeki akasoma mpaka kidato cha sita bila mtu kumgusa.

Mikono, muda, mahali. Ukiondoa kimoja, hakuna Apendeki wa kwenda chuo.

Basi akafaulu. Vyuo viwili vikamkubali kusoma udaktari, na hapo furaha ikaingia mdudu. Kimoja kiko Dodoma, unapanda treni. Kingine kiko Bukavu, unavuka ziwa kwa meli, kisha gari, na kurudi upande ule walikotoka.

Nilimkuta bombani amesahau ndoo yake, maji yanamwagika. Nikamwuliza, "Dada, moyo wako uko wapi?"

Akasema, "Nikienda Dodoma wataniita Mkongo. Nikienda Bukavu wataniita Mtanzania. Hilo la kwanza nimelizoea. La pili sijui litauma vipi."

Niliinua ndoo yangu nikaondoka.

Sasa, ukoo wao una desturi. Mtu anayesafiri kwenda kukaa mbali hafungi mzigo wake. Hufungiwa na yule aliyemfikisha kwenye siku hiyo, na anayekaza fundo ndiye anayetaja njia. Akishaitaja, imetajwa. Msafiri akifunga mwenyewe, ni kama ametangaza kwamba hana watu.

Asubuhi ya kuondoka, mzigo ulikuwa wazi juu ya jamvi: kitenge kimetandikwa, nguo zimekunjwa, sandali, chupa ya mawese iliyozibwa kwa gunzi. Treni ilikuwa ikiondoka siku hiyo, na meli pia. Koko akatokea chumbani na utepe wa kitenge cha zamani mkononi. Babu akatokea kwenye tundu la ua na kamba ya mpira wa baiskeli. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwachia.

"Jirani," alisema Koko, "mpira huo wa nini?"

"Wa kufungia mzigo, Koko. Mtoto anakwenda Dodoma."

"Mtoto anakwenda Bukavu. Mikono aliyonayo ni yangu, na ina wenyewe kule. Miye miguu imekataa, lakini mikono irudi. Kuna wanawake kule wanazaa peke yao vichakani."

"Na hapa wanazaa wapi, mawinguni?" Babu alianza kupandisha sauti. "Nimepigana huyu awe wa hapa. Leo akipanda meli, wale walionong'ona watasema, si tulisema, mgeni ameaga! Nitaweka wapi uso wangu?"

"Lakini Gwasa, desturi hii si ya kwenu."

"Mlinifundisha ninyi wenyewe. Na kama desturi si yangu, na mtoto je? Naye si wangu?"

Nilimwona Koko akitazama ule mpira, na macho yake hayakuwa ya hasira. Halafu wote wawili wakamgeukia Mama Apendeki, kwa sababu naye ana haki, na ilikuwa zamu yake.

Alikuwa amesimama mlangoni. Mikono mitupu.

"Kamba yako iko wapi, binti yangu?" Koko aliuliza.

"Sina kamba, Mama."

"Utafunga kwa nini?"

"Sitafunga. Afunge mwenyewe."

Nilidhani Babu ndiye atakayelipuka. Koko ndiye aliyepiga kelele. "Afunge mwenyewe? Unataka mtoto atoke humu kama yatima, na sisi tumesimama hapa?"

Mama Apendeki hakupandisha sauti. "Siku tunakimbia, mzigo wangu mlinifungia wewe na ukoo, Mama. Mkataja njia. Nikaifuata, na siwalaumu, tulipona. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mpaka leo sijui ningesema nini. Nimetwanga peke yangu ili huyu akue na jibu. Mwacheni alitoe."

"Na ukoo utasemaje?"

"Utasema binti yangu hana watu. Nami nitatwanga huku nikisikia."

Koko akakaa chini, utepe mapajani. Babu akabaki amesimama, mpira mkononi. Apendeki akapiga magoti kando ya mzigo wake. Akashika ncha mbili za kitenge, akaziinua, hakuzikutanisha. Akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamdondoka juu ya nguo alizozikunja, akasema:

"Nikimpa Koko, nimemtia Babu aibu. Nikimpa Babu, nimeikata mikono ya Koko. Nikifunga mwenyewe, nimemtii Mama, na nimewakana wote watatu mbele ya ukoo. Semeni basi. Nipo hapa na nimeshika. Niambieni nifanye nini."

Kutoka stesheni ikaja honi ya treni, na kabla haijakatika, bandarini meli ikaitika.

Najua alichofanya. Nilikuwepo, nimeegemea mlango. Lakini sitawaambia, maana nikiwaambia mtaacha kufikiri na mtaanza kumsifu au kumsema, na yeye si wa kusemwa. Leo hayupo, Koko hayupo, ua wenyewe umejengwa tofali, na kuku hawapiti tena. Kesi tu ndiyo imebaki, nami huizungusha kichwani kila ninapopita pale.

Aliyempa mikono, ambayo bila hiyo asingekuwa na cha kwenda kusomea? Aliyempa mahali, akajifunza na desturi ya watu ili aitumie kumpenda mtoto wao? Au amsikilize aliyempa muda, ambaye hakutaka malipo yoyote ila mtoto achague, hata kama kuchagua huko kutamwacha bila watu?

Haya. Acha kumenya sasa, niangalie. Ungekuwa wewe umepiga magoti pale na ncha mbili za kitenge mkononi, fundo ungemwachia nani?