Mitungi Mitatu ya Mkunde

"Wingu jekundu halikingiwi mtungi." Mmeyasikia maneno hayo kisimani, nanyi mwataka kujua yalikotoka. Methali hii ilianza hivi. Mwenye swali angoje nimalize.

Mkunde alizaliwa katika milima ya Usambara, ambako wingu likionekana, maji yamefika. Akaolewa Ugogo, nchi ya nyumba za tembe zenye mapaa bapa ya udongo, na ya visima vinavyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Kwa desturi ya ukoo ule, siku ya nne baada ya harusi mke mpya alimpikia baba mkwe ugali wa kwanza. Akishindwa, aliitwa "mgeni" hadi ajaliwe mtoto. Kwa hiyo Mkunde alidamka alfajiri, akateka mitungi mitatu ya maji.

Alasiri akaona wingu zito upande wa mashariki. Moyo ukamchangamka. Kwao, mvua ikikaribia, mitungi hufunuliwa na kutolewa uani, ili maji ya mbinguni yaongezee ya kisimani. Akafanya hivyo, akaketi barazani akiimba.

Mama mkwe wake, Mama Nhembo, alikuwa akirudi na kuni. Alipoiona mitungi, aliutua mzigo kwa kishindo.

"Mwanangu, unakinga nini?"

"Mvua, mama. Hulioni wingu?"

"Umesikia radi?"

"Bado."

"Umenusa udongo mbichi?"

Mkunde akanusa. Pua ikamkauka. "La, mama."

"Mvua hushuka kutoka juu, nayo hutanguliza baridi. Hili linatambaa chini kama ng'ombe waliotimuliwa, tena lina joto. Mvua ikija, mbuzi hukimbilia zizini. Hawa wamelala, wameligeuzia mgongo. Hiyo ni dhoruba ya vumbi. Vifuniko viko wapi?"

"Nimevianika juu ya paa, mama."

Vumbi likafika kabla ya vifuniko. Lilipopita, wote wawili walikuwa wekundu hadi kope, na maji ya mitungi yote mitatu yamegeuka uji wa udongo. Machozi yakamtoka Mkunde, yakachora mifereji miwili mashavuni.

Mama Nhembo akamtazama, akacheka hata akaketi chini. "Hayo ndiyo maji safi pekee tuliyobakiwa nayo. Usiyamwage."

Majirani nao wakaja kucheka. Mama Nhembo akasimama mlangoni, akawaambia, "Anayetaka kucheka aje na kibuyu cha maji." Wakarudi mbio, kila mtu na kibuyu chake. Ugali ukapikwa. Ule udongo wa mitungini haukumwagwa. Mkunde aliupandisha juu ya paa, akaziba ufa uliokuwapo kwa miaka miwili.

Jioni Mzee Lusito, baba mkwe, alikula tonge la mwisho, akainua macho. Mwanga uliozoea kupenya kwenye ufa wa paa haukuwapo.

"Huyu si mgeni," akasema. "Amenipa ugali na paa kwa siku moja. Ila shika neno hili, mwanangu: wingu jekundu halikingiwi mtungi."